Kanga ya Mpakani

Mwanvua alikuwa na kanga moja kuukuu, nyekundu iliyopauka mpaka jina lake halisomeki tena. Hakujifunga wala hakuitandika. Kanga ile ilikuwa na kazi moja tu duniani, nayo ni kutundikwa kwenye mgunga ulio mpakani mwa shamba lake la mpunga na makazi ya Shigela, kule Kisangwe, kijiji kilicho mbele kidogo ya Tindiga. Kanga ikiwa juu ya mti, ng'ombe wa Shigela wanaingia shambani. Ikishushwa, haingii hata ndama. Mkataba mwingine haukuwepo.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kiasi kwamba hata mtoto angeuelewa, na pengine ndiyo sababu ofisi ilishindwa. Mpunga ukishavunwa mabua yanabaki shambani, na Mwanvua hana ng'ombe wa kuyala. Shigela ana ng'ombe tele, na kiangazi majani yanakauka. Basi kanga inapanda, ng'ombe wanaingia, wanakula, wanaacha samadi. Mvua ya kwanza ikilainisha ardhi kanga inapanda tena, safari hii kwa ajili ya maksai, na Shigela anakuja na plau kulima shamba lote la Mwanvua kabla mvua kubwa haijafika. Huyu halipii kulimiwa, yule halipii malisho. Kila mmoja anatafuta lake, na katika kutafuta lake anamfaa mwenzake, wala hakuna anayemfanyia mwingine hisani.

Mwanzo haukuwa mtamu hivyo. Mwaka aliofika Shigela kutoka Usukumani na mifugo yake, ng'ombe waliingia kwenye mpunga mbichi wa Mwanvua wakaufyeka kama walioajiriwa. Mwanvua alitoka na panga, Shigela akatoka na fimbo, na watu wakawashika. Baraza la kata likakaa. Wazee wakasikiliza huku na huku, wakaenda shambani wakaona kwa macho yao, wakaonyesha mpaka ulipo, wakamwamuru Shigela alipe fidia. Akalipa, na wazee wakaenda zao. Mwanvua hakuisahau siku ile. Serikali ilikuja ilipoitwa, ikafanya kazi yake, ikaondoka. Baada ya hapo ndipo majirani wawili wakakaa na kupanga habari ya kanga, na tangu hapo Mwanakheri, binti wa Mwanvua, amemaliza shule, ameolewa Morogoro na amezaa, na kanga haijawahi kudanganya.

Mwaka huu serikali ikaja bila kuitwa, na haikuondoka.

Ilikuja kwa sura ya Innocent, mtendaji mpya wa kata. Alikuwa kijana mstaarabu, na hili halina budi kusemwa, maana ingekuwa rahisi zaidi kumchukia angekuwa mlevi au mla rushwa. Alikuwa anaamkia wakubwa, anafika kazini mapema, na shati lake halikosi pasi. Tatizo lake ni kwamba huko alikotoka aliwahi kushuhudia wakulima na wafugaji wakipigana, akabeba majeruhi kwa pikipiki yake mwenyewe. Tangu siku hiyo akiona ng'ombe karibu na mpunga moyo unamwenda mbio, na moyo ukimwenda mbio anatunga utaratibu.

Utaratibu huo aliutangaza mkutanoni mwishoni mwa kiangazi, wakati ng'ombe wa Shigela wameshamaliza mabua yote ya Mwanvua.

"Kuanzia leo," alisema, "hakuna mnyama kuingia shamba la mtu bila kibali cha ofisi. Iwe kulisha, iwe kulima. Kutakuwa na kamati, na kutakuwa na bei elekezi."

"Bei ya nini, mwanangu?" Mwanvua akauliza. "Sisi hatuuziani kitu."

"Ndiyo tatizo lenyewe, mama, mnafanya kienyeji. Sasa mfugaji atalipia malisho ofisini, na ofisi itakupa wewe. Wewe utalipia kulimiwa ofisini, na ofisi itampa yeye. Ofisi itabaki na kiasi kidogo cha uendeshaji."

Mwanvua aliirudia ile hesabu kichwani, akadhani amekosea mahali. "Yaani mimi nampa yeye, yeye ananipa mimi, na wewe katikati unakata huku na huku?"

Watu wakacheka. Innocent naye akacheka kidogo, kwa adabu.

"Ni kwa ajili ya kuwalinda, mama. Msije mkadhulumiana."

Shigela akasimama. Alikuwa mtu mrefu asiyependa mikutano, na alisema akiangalia kofia yake mkononi. "Mtendaji, mimi nikimdhulumu Mama Kheri, mwakani mabua yake anampa Ngassa, mfugaji mwenzangu. Yeye akinidhulumu mimi, maksai wangu nawapeleka kwa mwingine. Wote tunalijua hilo. Kwa hiyo hatudhulumiani."

"Hayo ni maelewano, mzee wangu. Sio utaratibu."

Mwanvua akaona bora aulize jambo la maana kabla mkutano haujafungwa. Kalavati la barabara ya kuingia kijijini lilikuwa limevunjika zamani, na kila masika barabara ilikatika pale pale. "Na kalavati, mwanangu, lini?"

"Kalavati ni suala la bajeti, mama. Tulivumilie."

"Lakini hilo ndilo tusiloliweza. Kupeana ng'ombe tunaweza. Zege na nondo hatuna."

Innocent akaandika neno kwenye daftari lake, akafunga mkutano kwa sala. Mwanvua alirudi nyumbani amekasirika mpaka akaunguza ugali.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mvua ya kwanza ilinyesha, ya rasharasha, nzuri, ya kulainisha tu. Ardhi ya mbuga ile haina subira. Ikiwa kavu ni jiwe, plau inarukaruka juu yake. Ikilowa sana ni tope linalomeza maksai mpaka magotini. Katikati ya jiwe na tope kuna siku chache tu za kulima, na anayezikosa analima kwa jembe la mkono pale anapoweza, kisha mwaka mzima anakula alichoweza. Mwanvua hakuwa na mume wala mtoto wa kiume wa kushika jembe. Maksai wa Shigela ndio waliokuwa mavuno yake.

Akaenda ofisini kuchukua kibali. Akamkuta Ditram, mgambo, ameketi mlangoni anachokonoa meno.

"Bosi yuko semina Mikumi, mama. Akimaliza ndiyo arudi."

"Si unigongee mhuri tu wewe?"

"Mhuri kaondoka nao."

"Kaenda nao semina kufanya nini?"

Ditram alifikiri. "Labda anaogopa usiibwe."

Mwanvua akaondoka bila kuaga. Njiani akakutana na Shigela, anaswaga ng'ombe wake. Shigela alikuwa na aibu usoni, na aibu ile ndiyo iliyomuuma Mwanvua kuliko maneno yote ya ofisi.

"Mwangaluka, Mama Kheri," alimwamkia kwa Kisukuma. "Ng'ombe wangu wamekula kwako na mimi sijalima. Naonekana mwizi."

"Mwangaluka. Nani kakuita mwizi, mtani? Kibali nakwenda kukifuata Mikumi kesho. Wewe angalia mti tu."

Hapo ndipo Mwanvua alipofanya kosa ambalo mtu wa mjini asingelifanya, kwa sababu mtu wa mjini anazijua ofisi. Alipiga hesabu hivi: ataondoka alfajiri, kabla ya mchana yuko Mikumi, na sahihi ni kitu cha kufumba na kufumbua, kwa hiyo jioni amesharudi. Shigela hupita mpakani jioni akirudisha ng'ombe. Akiikuta kanga juu atajua kesho yake mapema ashushe plau, na kibali kitakuwa kimeshafika. Basi asubuhi ile, akiwa anaelekea barabarani kutafuta bodaboda, akapitia kwenye mgunga akaitundika kanga.

Alifika Kilosa mjini nguo zimejaa vumbi, akapanda gari la Mikumi linalopitia kijiji cha Ulaya, na njia nzima akawa anajipongeza kwa akili yake.

Semina ilikuwa kwenye hoteli moja kando ya barabara kuu, pale ambapo malori ya Zambia yanapita yakitetemesha vioo na nyani wanakaa ukingoni kusubiri maganda ya ndizi. Mlangoni palikuwa na bango kubwa la bluu: KUBORESHA MAZINGIRA YA BIASHARA VIJIJINI NA KUPUNGUZA URASIMU. Mwanvua alilisoma mara mbili. Msichana wa mapokezi, Marselina, akamuuliza kama amesajiliwa.

"Sijasajiliwa, mwanangu. Nimekuja kupunguziwa urasimu."

Marselina akamwonea huruma, akampa kiti cha nyuma kabisa ukumbini na chupa ya maji.

Innocent alipomwona aliacha kiti chake akaja, shati limenyooka. "Shikamoo, mama! Kuna usalama huko?"

"Marahaba. Usalama upo, kulima ndiko hakuna. Nisainie nirudi, mwanangu. Ardhi imelainika na mvua kubwa iko njiani."

"Bila shaka, mama. Tumalize tu mada hii, kisha chai."

Mada ikaisha, ikaja chai ya sambusa. Chai ikaisha, ikaja mada nyingine. Kisha chakula cha mchana, kisha kazi za vikundi, na watu wazima wakawa wanabandika karatasi za rangi ukutani. Mwanvua alikaa na mkoba wake mapajani, anatazama dirishani mawingu yakijikusanya upande wa Kilosa, na kila wingu aliliona kama linamdai. Alitamani kupiga kelele. Alitamani kumshika yule kijana sikio kama alivyokuwa akimshika Mwanakheri.

Mwezeshaji mmoja, mzee wa miwani aliyetoka Dodoma, alisimama na kusema kitu ambacho Mwanvua hakukitarajia pale. Alisema mwananchi anajua zaidi shida yake kuliko ofisi, na watu wawili wakikubaliana kwa hiari bila kumdhuru wa tatu, ofisi ikae pembeni. Kazi ya serikali, alisema, ni kulinda amani, kutoa haki watu wakikosana, na kujenga yale ambayo mtu mmoja mmoja hawezi, kama barabara na madaraja.

Mwanvua akapiga makofi. Ukumbi mzima ukageuka, maana alipiga peke yake. Innocent hakugeuka kwa kuwa alikuwa anaandika maneno yale yote kwenye daftari, na mengine akayapigia mstari chini.

Jioni, watu walipokuwa wanapanga foleni ya posho, akamfuata tena.

"Mama, kuna jambo dogo. Kibali hakisainiwi kabla kamati haijapitisha. Nimewapigia wajumbe, mmoja hapatikani. Kesho asubuhi nitampata."

"Kamati ya nini tena? Shamba ni langu, maksai ni wa Shigela. Kuku wako, manati ya nini?"

"Nikikusainia wewe bila kamati, mama, kesho watasema nina upendeleo."

Na hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo: alikuwa mwaminifu. Mla rushwa angeshamalizana naye kwenye chai.

Mwanvua akakumbuka kanga. Akapiga simu ya Shigela, haipatikani. Shigela huchajishia simu dukani na kuisahau huko. Akalala kwa Agatha, aliyewahi kuwa jirani yake Kisangwe na sasa anauza chai pale stendi, na hakupata usingizi wa maana. Alijiambia huenda Shigela hakupita mpakani jioni ile. Alijiambia huenda kanga imepeperushwa na upepo. Alijua hakuna hata moja lililo kweli.

Kibali kilisainiwa siku ya pili baada ya chakula cha mchana, mjumbe aliyekosekana ameshapatikana na semina inafungwa kwa picha ya pamoja. Innocent aliandika tarehe kwa mwandiko mzuri, akapuliza mhuri ukauke, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha, kwa wema wake, akamwambia asihangaike na gari la abiria. Yeye mwenyewe ataondoka na Noah iliyokodiwa na waandaaji, na atampeleka mpaka Kisangwe.

Ndani ya gari alimsimulia yale mapigano aliyoyaona. Alisema kuna mtoto alimfia mikononi. Aliongea taratibu, macho barabarani, na Mwanvua alisikia hasira zikimpungua kidogo kidogo, jambo ambalo lenyewe lilimkera, maana hasira zile alizihitaji.

"Pole, mwanangu," alimwambia. "Kweli pole. Watu wakipigana, njoo. Njoo mbio. Lakini ukikuta hawapigani, pita."

"Wakianza kupigana nitakuwa nimechelewa, mama."

Mvua ndiyo ilijibu. Ilianza walipotoka Kilosa mjini, si rasharasha tena bali ile yenyewe, na walipokaribia kijiji barabara ilikuwa imeshageuka kijito. Pale kwenye kalavati lililovunjika dereva alisita, Innocent akasema, "Pita kulia," na Noah ikateleza ikainamisha pua shimoni, magurudumu ya nyuma yakawa yanazunguka hewani. Maji ya kahawia yakaanza kupita chini ya milango.

Wakashuka wote wakiwa wamelowa. Ofisi ya kata ilikuwa palepale juu, mwendo wa kuitana, na Ditram mgambo akaja anakimbia na mabuti ya mpira, uso umejaa furaha.

"Bosi! Karibu, bosi! Nimekamata!"

"Umekamata nini?"

"Shigela! Leo asubuhi nimemkuta analima shamba la huyu mama bila kibali. Maksai wote nimewafunga pale ofisini, na yeye yuko kwenye benchi. Sikumpiga, bosi. Nimefuata utaratibu."

Mwanvua aliacha mkoba wake kwenye matope akapanda kile kilima. Maksai walikuwa wamefungwa kwenye nguzo ya bendera, nira bado shingoni, mvua inawachapa. Shigela alikuwa amekaa kwenye benchi la barazani, kofia mkononi kama siku ya mkutano, na matope ya shamba la Mwanvua yamemkaukia miguuni.

"Niliona kanga," alisema. Hakulalamika. Alikuwa anaeleza tu. "Nimefika nusu, Mama Kheri. Wangeniacha mpaka adhuhuri ningemaliza."

Nusu. Mwanvua akageuka kumwelekea Innocent, aliyekuwa amefika anahema, akachomoa kibali kifuani akamnyooshea. "Kibali hiki hapa. Sahihi yako, mhuri wako. Mwachie."

Innocent akakisoma kibali alichokiandika mwenyewe, na uso ukasawijika. "Mama, hiki kinaanza leo mchana. Yeye kalima asubuhi." Akaigusa tarehe kwa kidole. "Kwa hiyo hiki ndicho kinathibitisha kwamba alipolima kibali kilikuwa hakijatoka."

Kwa hiyo alikuwa amesafiri mpaka Mikumi, akalala kwa watu, akala sambusa baridi, kwenda kumletea jirani yake ushahidi wa kumfunga. Mwanvua alikaa kwenye ngazi ya ofisi na kucheka, na kicheko kile kilikuwa karibu sana na kilio.

Dereva akapiga kelele kutoka bondeni. Maji yalikuwa yamefika kwenye viti, na gari lilikuwa linasogea. Gari la kukodi, na aliyesaini kulipokea ni Innocent.

"Ditram! Watu waje wasukume!"

Walisukuma, wakaanguka kifudifudi kwenye matope. Gari lilizama zaidi. Wote wakajikuta wanatazama mahali pamoja, kwenye nguzo ya bendera. Maksai walikuwa wanacheua.

"Wafungulie wale ng'ombe," Innocent akasema. "Haraka!"

Ditram akasimama wima kama askari. "Bosi, ulituagiza mnyama aliyekamatwa haachiwi mpaka kamati ikae."

"Nimesema wafungulie!"

"Na mjumbe mmoja hapatikani, bosi. Jana ulisema mwenyewe kwenye simu."

Mwanvua akainuka. Akajifuta uso kwa upande wa mtandio, akashuka ngazi mpaka akasimama mbele ya kijana yule. "Ngoja kwanza, mwanangu. Wale ni wanyama, na pale shimoni ni barabara ya serikali. Wana kibali cha kuingia? Na bei elekezi ya kuvuta Noah ni ngapi? Shigela akulipe wewe, au wewe umlipe Shigela kupitia kwako?"

Hakuna aliyecheka. Maji yalikuwa yanamtiririka Innocent kwenye nywele, shati la pasi limemganda mwilini, na kwa mara ya kwanza alionekana umri wake.

"Mama," alisema, "niambieni mnataka nini."

"Mimi usiniulize. Mwenye ng'ombe yule pale."

Shigela alishuka barazani taratibu. Aliangalia gari, akaangalia mbingu. "Hela sitaki," alisema. "Maksai wangu niachiwe, kesi iishe, na nikamalize shamba la Mama Kheri. Ukikubali navuta sasa hivi. Usipokubali nitakaa kwenye benchi, sina haraka."

"Nimekubali."

"Basi."

Ilichukua muda mfupi kuliko ule wa Marselina kumtafutia Mwanvua kiti. Hakuna aliyeandika kitu. Shigela aliwafungua maksai, akawazungumzia kwa Kisukuma masikioni, akafunga mnyororo wa plau kwenye gari, na wale wanyama wakainamisha vichwa wakavuta. Noah ikatoka shimoni inavuja kila upande. Innocent alimshika Shigela mkono kwa mikono yake miwili akarudia kushukuru. "Wabeja," alijaribu kushukuru kwa Kisukuma, na Shigela akatabasamu.

Kisha Shigela na Mwanvua wakaenda shambani na maksai. Mvua haikuwa imefanya mapatano na mtu. Nusu iliyolimwa asubuhi ilikuwa imelala vizuri, mifereji imenyooka. Nusu ya pili ilikuwa ziwa. Maksai wa mbele aliingiza mguu, ukazama mpaka gotini, akagoma. Shigela alijaribu upande mwingine, ikawa vilevile. Akajaribu tena, mpaka Mwanvua akamwambia, "Acha, mtani. Utamvunja mguu."

Walisimama pale wakitazama maji. Nusu ya shamba ni nusu ya mpunga, na nusu ya mpunga ni mwaka wa kulala mapema ili usisikie njaa. Hapakuwa na wa kumshtaki. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyepiga mtu, kila mmoja alikuwa na nia njema. Mwanvua aliona angependelea mwizi.

Juma lililofuata Innocent aliitisha mkutano. Mwanvua alikwenda, kwa sababu Ditram alimwambia bosi amebadilika sana tangu siku ile ya gari. Na kweli Innocent alisimama mbele ya watu akakiri kwamba amejifunza. Alisema kamati ameivunja, na bei elekezi ameifuta. Alisema ameona kwa macho yake kwamba wananchi wana hekima yao, na kwamba ile kanga ya Mama Mwanvua ni mfano wa kuigwa kata nzima. Watu wakapiga makofi, na safari hii Mwanvua hakupiga peke yake.

"Kwa hiyo," Innocent akaendelea, macho yakimng'aa, "tumeamua kuurasimisha utaratibu huu. Kila shamba litakuwa na kitambaa. Kitakuwa cha kijani, cha ukubwa mmoja, chenye mhuri, na kitapatikana ofisini kwa mchango mdogo. Atakayetundika kitambaa kisicho rasmi, hatutamtambua."

Na kalavati? Hakuna aliyeuliza. Siku hiyo watu walifika mkutanoni wamebeba viatu mkononi.

Mwanvua aliondoka kabla ya sala ya kufunga. Shigela alimfuata, wakatembea mpaka mpakani. Kanga ilikuwa bado juu ya mgunga, imelowa, imekauka, imelowa tena.

"Sasa tutafanyaje, Mama Kheri?" Shigela akauliza. "Mwakani nikiiona hii nikaingia, watanifunga tena."

Mwanvua aliishusha. Akaikung'uta mara mbili, akajifunga kiunoni juu ya gauni, akakaza fundo.

"Mwakani usiangalie mti," alisema. "Niangalie mimi. Ukiniona napita kwako nimejifunga hii, lete plau."

Akaanza kurudi nyumbani, kisha akageuka.

"Na wakitaka kuipiga mhuri, waje waipige hapa hapa nilipoifunga."